Aliyebaki Darajani

Tarehe 4 Februari

Mdogo wangu Kinyozi,

Salamu nyingi kutoka karakana. Hujambo na mgongo wako? Mwanao na wajukuu wanaendeleaje huko mjini? Mimi sijambo, ila goti linanisumbua kwenye ngazi na masikio yameanza kugoma. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu tukapigiana kelele kama wagomvi.

Nilikusikia redioni. Jirani hufungua redio yake kwa sauti ya juu, kwa hiyo hata kiziwi anapata sehemu yake. Nilicheka uliposema enzi za vita ulikuwa mwembamba kiasi cha kujificha nyuma ya nguzo ya uzio. Wewe, na tumbo lile? Lakini ulipofika kwenye habari za daraja, kicheko kiliniisha. Umesema Kidevu, mwenzangu wa kikosi, alitupa bunduki akakimbia, na wewe ukaiokota ukawazuia maadui mpaka wenzako wote wakavuka.

Mdogo wangu, wewe hukuwepo. Vita vile vyote umevipata kwangu, kwenye kiti chako cha kunyolea. Mwenzangu wa mwisho wa kikosi alipozikwa, ni mimi niliyekuomba ukae nami siku ya kumbukumbu. Nilikuwa nimenyolewa nusu kichwa, na machozi yananitoka, kwa sababu sikuweza kufikiria kukaa peke yangu kwenye lile benchi la mbele la askari wa zamani. Nikaenda kuiambia kamati ya kumbukumbu kwamba ulikuwa mpishi wetu. Mpishi, basi. Bunduki sikukupa. Na Kidevu hakukimbia. Alibaki darajani na bunduki yake mpaka akafa, na mimi ninaandika barua hii kwa sababu alibaki.

Dada yake Kidevu naye amesikia. Alikuja jana, akakaa juu ya rundo la mbao, akaniuliza kama ni kweli kaka yake alikuwa mwoga. Nilimwambia ni uongo, na kwamba nitahakikisha uongo huo unarekebishwa. Rudi redioni useme ulichanganya mambo. Uzee unatosha kuwa sababu.

Kaka yako,
Seremala

Tarehe 20 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika salama, nami nimefurahi kuona mkono wako bado haujaanza kutetemeka. Sisi hapa wazima. Mgongo unauma nikikaa, na siku hizi kazi yangu ni kukaa: leo shule, kesho redio, keshokutwa wageni.

Nisamehe, kaka. Nilianza vizuri tu na upishi wangu, lakini nani anataka kusikia habari za masufuria? Yule mtangazaji alikuwa anapiga miayo waziwazi. Nikaona nimchangamshe kidogo, na kabla sijajua nikajikuta nipo darajani. Sasa bunduki ni moja. Ili niishike mimi, ilibidi mwingine aiache, na jina la Kidevu ndilo lililokuwa karibu mdomoni kwa jinsi ulivyokuwa ukimtaja. Sina ubaya naye. Watu wamelia, kaka, hata fundi mitambo alivua miwani akajifuta macho. Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kulia kwa sababu ya maneno yangu.

Nikirudi kusema nilikosea, wataanza kuchimbua, na wakichimbua watakufikia na wewe. Tuache. Maneno ya redio ni upepo, mwezi ujao hakuna atakayekumbuka.

Mdogo wako,
Kinyozi

Tarehe 11 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo. Mimi si mzima sana, na safari hii si goti.

Upepo wako umebomoa nyumba. Kamati inachonga jiwe jipya la majina, na jina la Kidevu limeondolewa. Wanasema jiwe la mashujaa haliwezi kubeba askari mtoro. Nilipanda ngazi mpaka ofisini kwao nikamweleza mwenyekiti ukweli wote, kuanzia kiti chako cha kunyolea. Ni mama mpole, akanipa maji ya kunywa. Akasema, "Mzee, ulisimama hapahapa ukatuapia kwamba alikuwa nanyi vitani. Leo unatuambia hakuwepo. Tushike lipi?" Akaniuliza kama nyumbani kuna mtu wa kunisindikiza.

Kwa hiyo neno langu halina thamani tena, na nimeliharibu mwenyewe nikikutafutia wewe nafasi kwenye benchi. Lako ndilo linalosikilizwa. Nakuomba umrudishe Kidevu kwenye lile jiwe. Baki shujaa ukitaka, baki na nishani waliyokuvisha, sitakusumbua. Sema lolote, mradi jina lake lichongwe na dada yake aliguse kwa mkono wake kabla hajafa. Mama wa watu hana mtoto, hana mume. Kaka huyo ndiye fahari yake yote.

Nijibu upesi.

Kaka yako,
Seremala

Tarehe 2 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini mko wazima, maana kimya chako kinanitia wasiwasi. Fundi wa mawe anaanza kuchonga mwezi huu. Kila nikiona kivuli mlangoni nadhani ni barua yako, kumbe ni mteja anadai kabati.

Kaka yako,
Seremala

Tarehe 19 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo. Najua umekasirika. Niliogopa kukuandikia kabla jambo halijaisha, na sasa limekwisha. Jina la Kidevu limerudi.

Mwanangu alinipeleka mwenyewe kwa kamati. Nikasema nilichanganya, Kidevu alikufa shujaa, ubavuni kwangu, tukiwa tunapokezana bunduki. Mwenyekiti akafurahi, akaandika palepale. Halafu akaniuliza, "Basi yule aliyekimbia alikuwa nani?" Kaka, hilo sikulitarajia. Habari ile watoto wanaiigiza shuleni, yupo anayekimbia na yupo anayebaki, haiwezekani kumfuta mmoja. Yeye akasema, "Ni Seremala, sivyo? Ndiyo maana alikuja hapa kukukana." Nikainamisha kichwa, nao wakaelewa walivyoelewa.

Wewe mwenyewe uliandika niseme lolote. Na mimi sikusema kitu. Hawatakufanya lolote, wewe ni mzee, watakutoa tu kwenye benchi la mbele. Ulikuwa hulipendi hata hivyo.

Nisamehe. Nijibu uniambie umenisamehe.

Mdogo wako,
Kinyozi

Tarehe 30 Juni

Kinyozi,

Safari hii sikuulizi hali.

Jiwe limezinduliwa. Nilikuona jukwaani na nishani yako, macho umeyaelekeza kwenye viatu. Mimi nilisimama nyuma, karibu na magari. Watu walipopungua nilisogea nikalitafuta jina la Kidevu. Fundi amefanya kazi safi, herufi zimezama vizuri. Nilifurahi, sitaki kukuficha hilo.

Dada yake alikuwa palepale. Nikamsalimu, nikidhani tutalia pamoja. Akaniangalia kutoka juu mpaka chini, akasema, "Ndiyo maana ulijua hakukimbia. Nilikaa kwenye mbao zako nikakulilia, kumbe aliyemwacha ni wewe."

Nikikana mimi, wataanza tena kumtafuta aliyekimbia, na mtu wa karibu zaidi kwenye habari hiyo ni Kidevu, kaka yake. Nikamwacha aondoke. Sasa anavuka barabara akiniona, na watoto wa mtaani wanapita mbele ya karakana wakikimbia na kucheka, wanajua wanachokifanya.

Umenisaliti. Nimeliandika neno lenyewe ili usije ukasema hukuelewa. Kidevu ulimsingizia bila kumjua. Mimi ulinijua. Miaka yote ile ulinishika kichwa, wembe upo shingoni, nami nimefumba macho.

Usiniandikie tena.

Seremala

Tarehe 8 Septemba

Kaka yangu,

Shikamoo. Ulinikataza kuandika na hii ni barua ya tatu tangu unikataze. Natumaini u mzima. Nilimpigia simu jirani yako, anasema upo, unafanya kazi zako, ila hutaki maongezi.

Kuna watu wanatunga kitabu cha vita vile. Wanakuja hapa kila wiki na mashine yao ya kurekodi. Wananiita askari wa mwisho ambaye neno lake linategemewa. Juzi wameniuliza Kidevu alikuwa mtu wa namna gani, alipenda nini, alichekaje. Kaka, sikumbuki kama uliwahi kuniambia. Labda uliniambia nikiwa natafuta mkasi. Niliwajibu alikuwa mcheshi. Usiku mzima najiuliza kama alikuwa mcheshi.

Jumamosi wanamleta dada yake. Anasafiri kuja kwangu, na ana swali moja tu, kaka yake alisema nini mwisho pale darajani. Wamemwambia mimi nilikuwa ubavuni kwake. Mwanangu ameshapanga viti.

Anayeyajua maneno hayo ni wewe peke yako. Niandikie, hata mstari mmoja. Nitukane ukitaka, lakini katikati ya matusi uniwekee alichosema Kidevu. Usiponijibu itanibidi nitunge, nawe unajua mimi nikitunga kuna mtu huumia.

Mdogo wako,
Kinyozi