Wimbo Uliotangulia

Mdogo wangu Chiriku,

Nakusalimu kwa moyo wangu wote, nikitumaini kwamba mgongo uliokuwa ukikusumbua tangu mwezi uliopita umekuachia. Wapwa zangu hawajambo? Yule mdogo bado anaficha miwani yake ili asiivae shuleni? Sisi huku tu wazima wa mwili, tunashukuru, ila mimi usingizi umenipa kisogo kwa siku kumi na moja sasa.

Aliyekukabidhi bahasha hii ni wifi yako. Nimemwomba asiondoke mpaka umalize kusoma. Mpe kiti, usimwulize kitu, anajua yote. Najua utacheka kwamba kaka yako amezeeka hadi ameanza kuandika barua. Ningekupigia simu, lakini simu yako hukaa sebuleni, na baba tangu masikio yake yapungue anataka kila simu iongelewe kwa sauti kubwa naye asikie. Haya si ya kusikiwa naye. Tafadhali ingia chumbani kwako, funga mlango, ndipo uendelee.

Unajua kazi yangu pale redioni: kutoa kanda za zamani kwenye makasha, kuzifuta ukungu kwa kitambaa, kuzipitisha kwenye mashine na kuzihifadhi kwenye kompyuta kabla hazijaoza kabisa. Kanda ikianza kuoza hutoa harufu ya siki, na wifi yako hunitania kwamba yeye ameolewa na chupa ya siki. Basi mwezi uliopita mkurugenzi aliniita ofisini. Akasema kuna mwimbaji chipukizi, binti wanayemwita Asali, anataka kuurekodi upya wimbo wa baba, na kituo kimeona kiandae kipindi cha saa nzima juu ya historia ya "Sijatia Komeo", tangu ulipozaliwa hadi leo, na matoleo yake yote. Baba awe mgeni wa heshima. Ile suti uliyopeleka kwa dobi wiki iliyopita ni ya siku hiyo.

Nilifurahi, sikufichi. Nikaanza kukusanya matoleo. Lile la bendi ya jeshi, tarumbeta kumi na mbili, ambalo liliugeuza wimbo wa mtu aliyeachwa kuwa wa kupigia gwaride. Lile la kwaya, ambamo mke akawa roho iliyopotea na komeo likawa la mlango wa mbinguni. Lile la vijana wa kinanda, wasioimba chochote ila kiitikio, linalopigwa kwenye kila harusi. Mshereheshaji mmoja aliniambia ana mteja aliyechezeshwa nalo mara tatu, kila mara na bibi harusi mpya, na kila mara alilia machozi ya kweli.

Toleo lililonitia mashaka ya kwanza ni la yule mjane aliyekuwa akiimba hotelini. Unalikumbuka, lile la taratibu. Yeye aliruka ubeti wa pili wote. Nilikuta kanda ya mahojiano yake ya miaka ishirini iliyopita, mtangazaji akimwuliza kwa nini ameuacha ubeti ambao watu wanaupenda kuliko yote. Alicheka kidogo, akasema ubeti ule umekataa kuingia mdomoni mwake. Kisha akasema hivi, nakuandikia kama nilivyomsikia: "Mtu aliyeachwa huomba. Huyu haombi. Huyu anatoa ushahidi."

Ubeti wenyewe unaujua kama jina lako:

*Uliondoka alfajiri, sanduku la kijani mkononi,*
*Mtoto dirishani akakuona, hukugeuza uso njiani,*
*Sijatia komeo, mpenzi, mlango u wazi nyumbani.*

Mtoto dirishani ndiye mimi. Shuleni waliniita hivyo, na hadi leo wapo wazee wanaonisimamisha barabarani, wananishika mkono na kunipa pole ya mama. Wewe ulikuwa na miezi kumi tu, hukuonewa huruma ya namna hiyo. Wewe uliachiwa hasira.

Basi, siku kumi na moja zilizopita nilikuta kasha lililoandikwa "Majaribio", halina jina la bendi. Niliisafisha kanda, nikaiweka kwenye mashine. Sauti ya kwanza ilikuwa ya fundi mitambo: "Sijatia Komeo, jaribio la kwanza, tarehe kumi na nne, mwezi wa tano." Akataja na mwaka. Kisha magitaa mawili, ngoma moja, na baba yetu akiwa kijana.

Mwezi wa tano, Chiriku. Mama aliondoka mwezi wa nane, mwaka ule ule. Sahani ya santuri ilitoka mwezi wa kumi, na watu wote huanza kuhesabu historia ya wimbo kutoka hapo: mke kaenda, mume kalia, wimbo ukazaliwa. Nilidhani fundi alikosea. Nikaiacha kanda iendelee. Kwenye ubeti wa pili baba aliimba "sanduku jeusi", akawasimamisha wenzake. Akasema, "Hapana. Tuseme la kijani. Jeusi mtoto hataliona alfajiri."

Nilizima mashine, nikakaa. Mwenzangu wa ofisini aliniuliza kama naumwa, nikamwambia ni harufu ya siki.

Kesho yake nilimtafuta yule fundi mitambo. Amestaafu, anatengeneza redio za watu kwenye kibaraza cha nyumba yake. Nilimwuliza kama inawezekana alikosea mwezi. Aliona nimemtusi. Akasema mwezi wa sita mwaka ule paa la studio ya zamani liliporomoka kwa mvua, na hakuna mtu aliyerekodi tena ndani yake, na ile sauti ya chumba kile yeye ataijua hata akiwa kaburini. Nikamchezea kipande kwenye simu yangu. Akaitikia kwa kichwa, akasema ndicho chenyewe. Akaniuliza kwa upole baba anaendeleaje.

Nikawa sasa napekua kichwani mwangu kama ninavyopekua makasha. Kila nilichokikumbuka kuhusu siku ile kilikuwa kwenye wimbo: alfajiri, dirisha, sanduku, mama asiyegeuka. Nikajiuliza, je, nina chochote ambacho hakimo kwenye wimbo? Ninacho. Nakumbuka nikilibeba lile sanduku kichwani kutoka dukani, siku baba aliponunua. Ilikuwa mwezi wa saba, likizo ya shule. Nakumbuka mama akicheka mlangoni, akiuliza anapelekwa wapi na mzigo wote huo. Baba akamjibu kwamba mwanamke hakosi kuwa na sanduku lake.

Ijumaa baba alikuja ofisini kwangu. Hakunipigia kwanza. Nilimwona tu amesimama kati ya rafu, kofia mkononi, amevaa lile koti lake la kijivu. Mkurugenzi alikuwa amempigia kumpa habari njema kwamba kanda ya kwanza kabisa imepatikana. Aliuliza kama kanda ikishaoza huwa tunaitupa. Nikamwambia hata ikioza tunaitunza. Akaniuliza, "Umeisikiliza?"

Nikasema nimeisikiliza.

"Yote?"

"Yote, baba."

Alikaa kwenye kile kigoda changu cha kufikia rafu za juu. Akawa anaizungusha kofia mikononi. Sikumwuliza swali, naapa. Nilimwogopa, mimi mtu mzima wa miaka arobaini na sita, nilimwogopa mzee asiyeweza kufunga kamba za viatu vyake. Mwishowe akasema, kwa sauti ile ile anayotumia kuwaomba wajukuu maji ya kunywa: "Wimbo ulitangulia, mwanangu. Mimi niliufuata tu."

Kisha akasimama, akavaa kofia. Akanigusa bega na kusema, "Ulikuwa mtoto mzuri wewe. Ulisema vizuri sana." Alipofika mlangoni akaongeza kwamba wiki hii hatatoka, atashinda nyumbani na wajukuu wakitoka shule, ili wewe upumzishe mgongo. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nisingoje tena.

Jumamosi nilikwenda kwa Mama Pacha, jirani yetu wa zamani. Amehamia kwa mwanawe mmoja, haoni vizuri lakini kumbukumbu zake ni kali kama wembe. Nilimwomba anisimulie siku mama alipoondoka. Alinishangaa. Akasema siku ile mimi na wewe tulikuwa kwake. Baba alitupeleka jana yake mchana, akasema mama ana homa na anataka utulivu. Nililala kwenye mkeka na wanawe mapacha, asubuhi nikanywa uji, na aliturudisha nyumbani jua likiwa utosini. Akaniambia, "Mwanangu, kila wimbo ule ukipigwa mimi hujiuliza, ni dirisha gani hilo?"

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba hakuna aliyemwuliza. Na baadaye watu wote walikuwa wanaimba, naye ni nani hata abishane na wimbo?

Alipotaja jua la utosini nikakumbuka kitu kingine ambacho hakimo kwenye toleo lolote. Nilipofika nyumbani nilikimbilia karakana ya baba, na sakafu iliyokuwa ya udongo siku zote ilikuwa simenti mbichi. Nikakanyaga. Baba alinichapa kofi, la kwanza na la mwisho maishani mwangu, kisha akapiga magoti, akaisawazisha ile alama ya mguu kwa mwiko wake, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

Ndiyo, karakana hiyo hiyo. Ile wanamofanyia wapwa zangu kazi za shule.

Sasa nifike kwenye langu, maana nimezunguka mbuyu vya kutosha. Mwaka ule wajomba walikuja. Walikuwa watatu, na yule mkubwa alimwambia baba mbele ya watu kwamba dada yao hawezi kumwacha mtoto anayenyonya. Walikuja na inspekta. Inspekta alichuchumaa mbele yangu, akanipa peremende, akaniuliza kama nilimwona mama. Nikamwambia mama aliondoka alfajiri, ameshika sanduku la kijani, na hakugeuka. Mkono wa baba ulikuwa begani kwangu. Inspekta aliandika, akafunga daftari. Wajomba walimwomba baba radhi, wakaondoka wameinamisha vichwa, na hatukuwaona tena. Nilikuwa na miaka saba na nilikuwa nimeusikia wimbo ule ukifanyiwa mazoezi kila jioni kwa miezi mitatu. Sikudanganya kwa kukusudia. Lakini ni mimi niliyelifunga faili la mama kwa maneno ambayo muuaji wake aliyatunga.

Nimeliandika neno hilo, wala silifuti.

Jana nilikwenda kituo cha polisi. Nilimkabidhi mpelelezi nakala ya kanda, nikaandika maelezo mapya na kuyatia saini. Ni mama wa makamo, mtulivu. Alisikiliza yote, akaniambia naye alicheza wimbo ule siku ya harusi yake, kisha akaomba tuusikilize tena kuanzia mwanzo. Fundi mitambo na Mama Pacha wamekubali kuhojiwa. Alhamisi saa mbili asubuhi watakuja na watu wa kuvunja sakafu.

Kwa hiyo nakuomba leo hii, kabla wapwa zangu hawajatoka shule, uende ukawachukue pale pale shuleni mje kwangu. Msirudi nyumbani. Mwambie baba mgongo umezidi na unakwenda hospitali. Usimwulize neno, usimlilie, usimtazame sana, anakujua. Wifi yako amekuja na gari la kukodi, linawangoja nje. Nguo tutanunua nyingine.

Utanichukia, na una haki. Umemuuguza miaka tisa, umemkatia kucha, na mimi nakuletea haya kwenye karatasi. Kama sakafu itavunjwa na kusiwe na kitu, nitakuja kumpigia magoti mbele ya mtaa mzima. Lakini nilimwona alivyokaa kwenye kile kigoda.

Limebaki moja, na hili ni zito kwangu kuliko la inspekta, kwa sababu hapo sikuwa tena mtoto wa miaka saba. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukinijia kitandani, unaniuliza mama aliondokaje. Nami nilikuwa nakusimulia, na kila mara nilisema kwamba ulikuwa unalia kwa nguvu ndani, naye alikusikia, akaendelea kutembea. Hilo halimo kwenye wimbo. Baba hakunifundisha. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, nilitaka nisiwe peke yangu kumkasirikia, nikakutungia. Ndiyo maana hukukubali binti yako yeyote apewe jina lake. Nisamehe ukiweza, na usipoweza nitaelewa.

Hukulia siku ile. Mama Pacha anasema ulilala fofofo kifuani pake mpaka jua lilipokuwa kali. Na hakuna mtu aliyekuacha.

Wasalimie wapwa zangu, waambie mjomba wao amewatandikia kitanda. Nawangoja mlangoni.

Ni mimi, kaka yako.