Mama Zuleide, Kesi Yetu ni Jumanne

Mama, ni nani atakayesema mahakamani Jumanne? Mwaka umetimia tangu moyo wako usimame usingizini, na hadi Jumapili iliyopita hatukuwa na jibu. Hakimu ametuita tena. Safari hii ataamua kama familia zote za jengo hili, lililokuwa kiwanda cha miavuli kabla ya wenyewe kulitelekeza, zitabaki au zitatolewa nje, katikati ya São Paulo, msimu wa mvua.

Tunaogopa, Mama. Tunakuambia wewe kwanza, maana hukupenda mtu ajifanye shujaa. Watu wanalala na viatu miguuni. Helikopta ikipita juu ya paa, vijiko vinasimama hewani. Mkweo Lindalva amewafungia watoto nguo katika mifuko ya shule, ili wakiamshwa na askari wasitoke mikono mitupu. Mdogo wao huuliza kila asubuhi kama leo ni siku ya shule au siku ya kufukuzwa.

Ulikuwa mpishi wa jiko letu la pamoja, na ulikuwa mtetezi wa wasio na pa kulala. Aliyefika langoni na godoro kichwani hukumuuliza amekosa nini alikotoka. Ulimpakulia kuskusi ya mahindi, ukamngoja amalize, ndipo ukamwambia: “Kesho tunaenda wote ustawi wa jamii. Mimi nitakaa ubavuni kwako. Kusema utasema wewe.”

Kabla ya kila kesi ulijitupia aproni mabegani kama joho, ukakalia kreti la soda na kugeuka hakimu.

“Wewe nani?” ulimfokea Mzee Arlindo, bawabu wetu.

“Mimi maskini tu, mheshimiwa.”

“Mama yako alikubatiza Maskini?”

“Arlindo Saboia, mheshimiwa. Fundi viatu.”

“Haya, sasa umeanza kuwa mtu. Endelea, na usiongee na kofia yako, ongea na mimi.”

Mazoezi hayo yalizaliwa na adabu zetu wenyewe. Sisi watu wa nyika za Kaskazini-Mashariki ya Brazili tulilelewa tusimkatalie mgeni aliyevaa tai. Ofisa wa mahakama alipokuja mara ya kwanza na kuuliza kama tutahama kwa amani, Mzee Arlindo alivua kofia, akasema, “Bwana akipenda, nasi tumependa.” Ofisa aliondoka akiamini tumekubali, na ndivyo alivyomweleza hakimu. Hukumgombeza mzee. Ulimchemshia kahawa, ukaenda naye mahakamani, ukasimama nyuma yake hadi alipoeleza kwa kinywa chake kwamba kwao hayo ni maneno ya heshima, si ridhaa. Tukapewa muda wa kukaa. Muda huo ndio unaokwisha sasa.

Jumapili iliyopita tulikutana jikoni. Wakili anayetusaidia bila malipo alisema kwamba hakimu anataka kumsikia mkazi mmoja kwa niaba ya wote. Macho yakamgeukia binti yako Jacira, kwa kuwa yuko chuo kikuu, mwaka wa pili wa sheria. Vifungu vya katiba kuhusu haki ya makazi anavijua, na akiwa peke yake huvitamka bila kusita. Lakini aliposimama mbele yetu, alianza kifungu cha kwanza, akaketi tena. Alisema anaona magodoro yakilowa barabarani, na kila aliyelala juu yake akimtazama yeye.

“Mwacheni mtoto,” alisema Lindalva. “Akiteleza neno moja, sote tuko chini ya daraja.”

“Na mimi je, niliteleza mangapi?” Mzee Arlindo akamjibu. “Mbona bado mnaniamkia?”

“Wewe tunakuamkia kwa sababu una funguo za lango.”

Watu wakacheka, na kicheko kikafa upesi. Ndipo mzee akamsogelea Jacira, akashusha sauti, ingawa jikoni humo hakuna siri.

“Mwanangu, mama yako alikuwa anatapika kila asubuhi ya kesi. Pale chooni mahakamani. Mimi ndiye nilikuwa namshikia mkoba.”

“Mama yangu? Uongo.”

“Muulize mlinzi wa pale. Alikuwa ananawa uso, anatoka, ananiambia, ‘Arlindo, ukisema kwa mtu nakunyima maharagwe.’ Basi nimeyala maharagwe yake mpaka mwisho, leo nasema.”

Hatukujua, Mama. Tulidhani wewe uliumbwa bila woga, na kwamba sisi tuliobaki tumepungukiwa. Laiti ungetuambia. Usiku ule mumeo alikaa na Jacira, akamenya machungwa, wakala yote.

Tunakukumbuka sisi: mumeo Valdemiro; wanao Jacira na Edvanio; mkweo Lindalva; wajukuu zako Ianê na Rudá; dada yako Socorro aliyeko Ceará, ambaye hupiga simu kila jioni kuuliza kama bado tuna paa; pamoja na majirani wa kila ghorofa, walioketi ubavuni kwako ukawafundisha kutaja majina yao. Maadamu tunapumua, hutatoka mioyoni mwetu.

Nanyi majirani mnaosoma tangazo hili langoni, jueni hivi: Jumanne atakayesema ni Jacira. Anaogopa, na ataenda hivyo hivyo. Tutaondoka hapa asubuhi, kwa miguu, na aliye tayari afuatane nasi.