Maulidi ya Lamu Ambayo Hukwenda

Abaayo Habiba, dada yangu uliyetangulia,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyoiita ya askari na wauza chumvi, kwa sababu wajukuu zako wa Mombasa hawasomi nyingine, na nataka nao wasikie. Utanivumilia nikieleza mambo unayoyajua. Mwalimu hata akistaafu haachi kueleza.

Binti yangu Sahra ananipangia safari ya Lamu. Maulidi ya mwaka huu imeangukia mwishoni mwa kipupwe, msimu wa baridi, kama ile yetu. Ameketi hapa sebuleni kwangu, mtaani Iftin, na simu yake, analalamika kwamba nyumba zote za wageni zimejaa. "Aabo, si twende mwezi ujao, watu wakishaondoka?" Swali hilohilo nilikuuliza wewe wakati wa vita vya shifta. Yeye aliuliza kwa uvivu. Mimi niliuliza kwa shaka.

Unaukumbuka ule mwaka. Asubuhi zilikuwa za baridi na vumbi, jioni kafyu, na mji wote wa Garissa ulikuwa unasikilizana kupitia kuta. Farah, mumeo, alikuwa ametoweka tangu ngamia wake walipochukuliwa na askari. Wengine walisema amekufa. Wengine, kwa sauti ya chini, walisema yuko msituni na shifta, wale waasi. Ulikuja na mkeka wako na chombo chako cha maziwa, ukakaa kwangu. Kisha siku moja, ukinimiminia chai, ukasema unataka kwenda Maulidi Lamu.

"Tangu lini wewe na Maulidi ya Lamu?"

"Tangu leo. Au dini nayo inataka ruhusa ya bwana mkubwa?"

"Kusafiri ndiko kunakotaka ruhusa. Subiri watu wapungue. Sasa hivi wageni wanalala barazani, wengine kwenye ngazi za msikiti."

"Watu wengi ni baraka, walaal, ndugu yangu," ukasema, na ukaniongezea sukari ambayo sikuiomba.

Ile sukari ndiyo iliyoniamsha. Hukuwa mtu wa kubembeleza.

Wajukuu waelewe jambo moja. Siku zile hakuna mtu wa kwetu aliyepanda lori bila kibali, na kibali hakikutoka mpaka mtu mwenye kazi ya serikali aseme mbele ya askari kwamba anakujibia. Mwenye kazi ya serikali katika ukoo wetu nilikuwa mimi tu, mwalimu wa darasa la tatu. Ungekwenda usirudi, au ukutwe na mtu wa msituni, wangekuja kwangu. Ualimu ungekwisha siku hiyo, na baada ya ualimu ni jela. Kwa hiyo nilianza kukuchunguza, dada yangu, ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Na ulinipa mengi ya kuchunguza. Kila msafara wa malori ulipofika kutoka chini, kutoka Garsen na Hola, ulikuwa sokoni kabla ya vumbi kutua. Uliwauliza matandiboi wa malori, wauza tende, hata kina mama wenye kuku. Mvua ilifika wapi? Kisima gani kina maji, kipi kimefukiwa? Nani amepita, akielekea wapi? Sisi wafugaji hatuhamishi mji bila kutanguliza sahan, yaani watu wa kwenda kuchungulia malisho na maji na adui kabla ya ngamia kupakiwa. Na wasafiri wawili wakikutana hawaachani mpaka kila mmoja amwage habari zake zote, kwa sababu habari ya kisima ni uhai wa mtu. Hayo tulilelewa nayo. Lakini wewe ulikuwa unakwenda kwa lori.

"Lori halinywi kisimani," nilikuambia. "Unauliza visima vya nini?"

"Na likifa njiani? Tutamkamua dereva?"

Nilicheka, kwa maana dereva wa msafara ule alikuwa mnene. Lakini usiku ule niliyaweka maneno yako pamoja, hili juu ya lile. Anayeulizia visima ni mtu wa miguu. Na mji uliojaa wageni kutoka kila pembe ya pwani ni mahali ambapo hakuna anayemuuliza mgeni ametoka wapi. Ndiyo maana hukutaka kusubiri watu wapungue. Asubuhi nikakuuliza wazi.

"Farah yuko Lamu?"

Uliendelea kupepeta mtama. "Farah yuko anakojua Mungu."

"Hilo si jibu."

"Na lile lako si swali la ndugu. Ni la askari."

Hatukusemeshana siku ile nzima. Hata hivyo nilikwenda ofisini kuomba kibali chako. Sikuwa na ushahidi, na mtu hamnyimi dada yake Maulidi kwa sababu ya kijiko cha sukari.

Kisha askari wakatuita kwenye kizuizi cha barabara, kando ya daraja, tuhojiwe pamoja na wasafiri wengine. Koplo alikuwa mtu wa bara, mchovu, mwenye koti zito kwa ajili ya baridi ya asubuhi. Alikuuliza unatoka wapi, unakwenda wapi, utafikia kwa nani. Ukajibu vizuri kabisa: utafikia barazani kama wageni wengine. Ulipomaliza, ukakaa sawasawa kwenye gogo, ukajifunika shuka, na kwa heshima zote, kama tulivyofunzwa nyumbani, ukaanza, kwa Kiswahili chako cha sokoni, kumtoa na yeye habari.

"Na wewe, aboowe, kaka? Kwenu mfua iko? Barabara ya Garsen iko salama? Jana nani nabita?"

Watu wa foleni walicheka. Koplo akasimama.

"Mama, unanihoji mimi?"

"Nakusalimia tu."

"Salamu gani ya kuuliza nani amepita barabarani?" Akageuka. "Mwalimu! Njoo hapa. Huyu ni wako?"

"Ni dada yangu, afande. Hii ni desturi yetu. Mtu akikupa habari zake nawe humpa zako, na asiyeuliza huonekana ana kiburi, au ana jambo analo..."

"Mwalimu, hapa si darasani. Unamjibia, ndiyo au siyo?"

Nilisema ndiyo. Lakini kabla ya kusema nilikutazama usoni, abaayo, na wewe ukaniona ninavyotafuta. Ilikuwa kitambo kidogo tu, kama mtu anayepima kina cha maji kwa fimbo kabla ya kuvuka. Sijui uliona nini kwangu. Labda uliona mke wangu mjamzito, au ile suruali moja ya kazi niliyoifua kila Ijumaa.

"Haya," koplo akasema. "Lori la kesho kutwa. Asiporudi na msafara, tutakuja kwako, na hutatufundisha desturi."

Ulikuwa na kibali. Nataka wajukuu wako wajue hilo: mlango ulikuwa wazi. Kesho yake asubuhi nilikukuta unafungua mzigo ulioufunga mwenyewe, shuka moja moja, unairudisha mahali pake.

"Nini tena?"

"Siendi," ukasema. "Sahan imerudi. Inasema huko hakuna malisho."

Nilishusha pumzi na sikuuliza zaidi. Nilidhani umeiogopa barabara. Maulidi ikapita, nawe ulikuwa jikoni kwangu ukikaanga mahamri kwa watoto wa jirani, huku ukihimiza kila mmoja amswalie Mtume kabla ya kula.

Farah alirudi vita vilipokwisha. Alikuwa amekonda, na bega lake moja lilikuwa limeota sugu nene. Tulikuwa tumeketi kwenye sinia sisi watatu alipotueleza. Msituni hakuwahi kwenda. Alikimbilia Lamu, akafanya kazi ya kubeba boriti za mikoko, akijiita kwa jina la watu wengine. Alituma neno kwako kwa mdomo wa muuza tende: njoo wakati wa Maulidi, hakuna atakayetuona katika umati, kisha turudi wawili kwa miguu, mbali na barabara, kisima hadi kisima, mpaka kwa mjomba wake ng'ambo ya Masalani.

"Nilisimama kando ya msikiti mpaka matari yaliponyamaza," alisema. "Nikatazama kila mwanamke aliyevaa kama watu wetu. Nikasema mjumbe hakufika."

"Alifika," ulisema. "Kula, chakula kinapoa."

Farah alikutazama wewe, kisha akanitazama mimi, na akala. Hakuna aliyelizungumza tena, hata mwaka tuliomzika yeye, wala mwaka juzi tulipokuzika wewe.

Kwa hiyo shaka yangu ilikuwa ya kweli. Ungekwenda, usingerudi na msafara, na wangenijia. Ulilijua hilo ulipofunga mzigo, na ulilijua zaidi ulipoufungua. Ninachokishuku mpaka leo ni jambo lingine: kwamba sahan uliyoitaja haikutoka sokoni wala kwa matandiboi. Wewe mwenyewe ndiye uliyekwenda kuchungulia, pale kizuizini, usoni pangu, ukarudi na habari yako. Miaka miwili zaidi ulilala bila mumeo ili mimi niendelee kufundisha hesabu ya kugawanya.

Nimemwambia Sahra asitafute mwezi mtupu. Tutakwenda watu wakiwa wamejaa, na nafasi ikikosekana tutalala barazani. Nimemuuliza pia njiani kuna visima gani, akanitazama kwa mashaka, kama vile akili yangu imeanza kupungua. Nikifika nitakwenda kusimama kando ya msikiti, pale aliposimama Farah, mpaka matari yanyamaze. Na akitokea wa kuniuliza pale kama ninakujibia, nitasema ndiyo, na safari hii sitatazama usoni kwanza.

Lala kwa rehema za Mungu, abaayo. Chai yako niliinywa, na sukari yake bado iko mdomoni.

Mdogo wako,
uliyemwita walaal