Walisimama Kimya kwa Ajili Yangu, Nami Nikasimama

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi, kabla sijaanza kuamini wanachoamini wenzangu hapa kijijini, kwamba mimi sipo.

Mimi ni mama wa watoto wawili na wa tatu yuko tumboni, nimeolewa huku vijijini Bariadi, njia ya kuelekea Mwamapalala, mume wangu anaitwa Ndaki, tunalima pamba na mahindi na tuna ng'ombe wachache, na mpaka hivi karibuni nilikuwa mjumbe wa serikali ya kijiji, kiti cha wanawake, nikichaguliwa na watu hawahawa kwa kunyoosha mikono. Shida ilianza baada ya wanunuzi binafsi kuruhusiwa kununua pamba, maana kampuni moja ilikuja kuomba ardhi ya kujenga ghala na kiwanda cha kuchambulia, na ardhi waliyoitaka ni ngitili yetu, yaani lile eneo la majani tunalolifunga masika yote ili ng'ombe wapate malisho wakati wa kiangazi. Mwenyekiti wetu, mzee Machibya, akaitisha mkutano mkuu wa kijiji, akasema barabara itachongwa na vijana watapata kazi, wanaokubali wanyooshe mikono, na mikono yote ikanyooka isipokuwa wangu, akauliza nani anapinga, nikanyoosha peke yangu nikauliza kiangazi kikija ng'ombe watakula ghala. Watu walicheka na mkutano ukafungwa, lakini mimi sikuridhika, nikaenda halmashauri ya wilaya mjini Bariadi nikamweleza afisa, afisa akaja kuikagua ngitili, akasema isiguswe, na kampuni ikahamia kijiji cha jirani pamoja na barabara yake na kazi zake.

Hapo sungusungu, walinzi wetu wa jadi, wakaitisha dagashida, ule mkutano wao mkubwa wa kuhukumu, nikaambiwa nimekishtaki kijiji kwa wageni, na hukumu yangu ikawa kutengwa. Asinisemeshe mtu, asiniitikie, asinipe moto wala chumvi, asikanyage kwangu kwa msiba wala kwa uzazi, mpaka nitoe fahali achinjwe mbele ya mkutano nami nipige magoti nikiri kosa, na atakayevunja amri hiyo naye atatengwa. Nilikataa kutoa fahali kwa sababu sijakosa, ng'ombe wao wanalisha kwenye ngitili hiyohiyo mpaka leo, wamenona, na mimi sijui nikiri kitu gani.

Mshauri, nilidhani kutengwa ni kununiwa. Kununiwa nakujua, mimi ni mke wa mtu na nina mawifi, mtu aliyekununia huangalia pembeni. Hawa hawaangalii pembeni. Wananitazama palepale nilipo, na macho yao yanapita mpaka kwenye kitu kilicho nyuma yangu. Kisimani wanawake wanaendelea na mazungumzo yao mimi nikiwa katikati yao, na siku moja wifi yangu Sayi alinyoosha mkono kuchukua ndoo yake, mkono ukanigusa bega, akajifunika kanga vizuri akawaambia wenzake kwamba upepo umegeuka. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na wenzake wakatazama juu kuangalia mawingu. Kanisani tunapopeana mikono ya amani mikono inanivuka. Mgeni wa wilaya alipokuja kufungua darasa jipya, darasa ambalo maji ya kulijengea nilibeba kwa kichwa changu, alininyooshea mkono kama alivyowanyooshea wengine, Machibya akamshika kiwiko taratibu akampeleka kwa mtu wa pili, na yule mgeni, ambaye sidhani kama aliambiwa lolote, hakugeuka tena kunitazama. Watoto wangu wamechukuliwa na mama mkwe, akieleza watu kwamba nyumbani hakuna mtu wa kuwaangalia, nami nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika nguo zao.

Mume wangu hanisemeshi, anaogopa kutengwa na yeye. Ninapika, anakula, anaweka sahani chini. Mwanzoni alikuwa akitaka nijue jambo anakwenda zizini anamwambia ng'ombe, anamwambia kesho naenda mnadani, au debe la mahindi linaisha, na mimi nasikia nikiwa jikoni, na nakiri kwamba nilikuwa nafurahi, nilikuwa nasubiri azungumze na ng'ombe. Sasa ameacha hata kumwambia ng'ombe.

Lakini kilichonifanya niandike ni kikao cha serikali ya kijiji. Nilikwenda, kwa sababu hakuna aliyeniambia nimefukuzwa, nikakaa kwenye kigoda changu cha siku zote, na Machibya akafungua kikao akasema ajenda ya kwanza ni kujaza nafasi ya mjumbe iliyobaki wazi. Kisha akavua kofia. "Kabla hatujajaza," akasema, "tusimame kidogo, tumkumbuke mwenzetu tuliyekuwa naye."

Wakasimama wote, wakainamisha vichwa, kimya, kama tunavyofanya mjumbe anapofariki. Na mimi, mshauri, naona aibu kukuandikia hili, mimi nikasimama. Nikainamisha kichwa pamoja nao. Sijui kwa nini, nilijikuta tu nimesimama na nimefumba macho, na moyoni nikasema apumzike, na nilipofumbua wenzangu wamekwisha kukaa na Sayi ameitwa kutoka nje, amechaguliwa, na amekalia kigoda changu. Niliondoka nikawapita katikati yao na hakuna aliyesogeza mguu.

Tangu siku hiyo najipapasa mikono. Natafuna pilipili nione kama itaniwasha, na inawasha, lakini inaniwasha kwa mbali. Nilikwenda Bariadi mjini kununua sabuni, na mwenye duka, Sadick, akanikaribisha kama anavyomkaribisha mteja yeyote, nikaanza kulia palepale dukani, akanipa kiti akaniuliza nani amefariki. Ni yeye atakayeitia barua hii posta.

Na kuna jambo jingine linalonitisha kuliko hayo yote. Njia ya kwenda kisimani inapita boma moja lenye uzio wa minyaa uliokua mpaka ukaziba mlango, na humo anaishi bibi mmoja, Milembe, ambaye alitengwa zamani, kabla mimi sijaolewa huku, kwa maneno ya uchawi, na hakuwahi kutoa ng'ombe wa kujikomboa kwa sababu hakuwa naye. Kila asubuhi anawaamkia wapita njia akiwa nyuma ya minyaa, na hakuna anayeitikia, hiyo ndiyo amri, mimi pia sijawahi kuitikia, na ukikaa hapa muda mrefu unaacha hata kumsikia. Sasa namsikia. Namsikia kila siku, na ananiamkia mimi. "Mwangaluka, mayu," anasema, umeamkaje mama, mhola, yaani kwema, huko kwako, na juzi alinitaja kwa jina langu la ubatizo, akauliza mtoto anacheza tumboni au ametulia, na mimi ujauzito huu sijamwambia mtu yeyote, ningemwambia nani. Nilitua ndoo nikaziba masikio. Mshauri, walio hai hawanioni na huyu ananiona, hiyo maana yake nini? Nikimwitikia si nitakuwa nimekubali kwamba niko upande wake? Hata sasa ninapopita pale najitahidi nisitazame, nisije nikavunja amri nyingine wakaniongezea adhabu.

Siku zangu za kujifungua zitafika na hakuna mwanamke atakayekanyaga kwangu. Naomba uniambie, nitoe fahali nipige magoti kwa kosa nisilolijua, au nirudi kwetu Mwanhuzi nimwachie Ndaki nyumba yake? Na niambie ukweli bila kunionea huruma, je, mtu anaweza kufa kijijini kwake na asijue?

Ni mimi, Veronica, Bariadi vijijini.

*

BI APOLONIA ANAJIBU

Veronica mwanangu, upo. Nimeisoma barua yako mchana kweupe, nikatoka nje nikaota jua kidogo, nikarudi nikaisoma tena. Mwandiko wako umekandamiza karatasi mpaka upande wa pili. Marehemu hakandamizi kalamu namna hiyo.

Pole. Nakupa pole ya kweli, kwa sababu uliyofanyiwa ni ukatili, na ni ukatili wa watu wenye adabu, wasiopiga wala kutukana, wanaofanya kazi yao huku wakizungumzia mawingu. Sungusungu walitusaidia sana kwa wezi wa ng'ombe, hilo nani asiyelijua, lakini mkutano wa kukamata wezi umepata wapi kibali cha kumzika mama mjamzito akiwa anatembea? Ulinyoosha mkono mkutanoni. Mkutano ni wa kunyoosha mikono. Kama mkono wa kupinga ni kosa, basi Machibya asiulize nani anapinga.

Sasa nikugombeze, maana umeomba bila huruma. Wewe ulisimama! Wanakuombea kimya, na wewe unasimama unainamisha kichwa unajitakia mapumziko? Hapo ulipaswa kubaki umekalia kigoda chako na kusema kwa sauti, "Nipo, mwenyekiti, endelea." Umezoea kutii mkutano mpaka umetii na mazishi yako mwenyewe. Tabia hiyo ya utii ndiyo nataka uiache, na nitakuonyesha mbele mahali ambapo bado inakutawala.

Fahali usitoe. Ukitoa, umenunua ruhusa ya kuwa mtu, na mwakani ukinyoosha mkono tena watakuuzia upya. Rudi halmashauri kwa afisa yuleyule aliyekuja kukagua ngitili, mweleze kwamba kijiji kimejaza nafasi ya mjumbe ambaye yuko mbele yake amevaa viatu, na umwombe akupeleke kwa mkuu wa wilaya ukamweleze habari ya watoto waliochukuliwa. Mwombe Sadick afuatane nawe, maana huyo ameonyesha utu na dagashida haimhusu. Kisha usirudi kijijini kungoja uchungu peke yako. Tafuta pa kukaa mjini karibu na hospitali siku zako zikikaribia, na kama ndugu zako wa Mwanhuzi wanaweza kumtuma mama au dada aje akae nawe, watumie salamu leo. Kurudi kwenu moja kwa moja ni uamuzi wa baadaye. Usiuchukue ukiwa na hofu.

Wewe Ndaki, gazeti hili likikufikia limefungiwa sukari, lisome kabla hujalitupa. Mwanamume anayetafuta ujasiri wa kusema na mkewe akaupata kwa ng'ombe, na kisha hata huo ukamwishia, anamwogopa Machibya kuliko anavyompenda mtoto wake. Nakuonea aibu kwa niaba yako. Ukitengwa pamoja na mkeo mtakuwa wawili, na watu wawili wanaweza kuzungumza.

Nimebakiza la mwisho, Veronica, na hili ndilo lililonifanya nitoke kuota jua.

Unauliza kama Milembe ni mtu au ni kitu kingine. Amejuaje mimba yako? Mwanangu, yule bibi amekaa nyuma ya minyaa miaka chungu nzima hana la kufanya ila kutazama watu wanavyopita. Amekuona ulivyobadilisha namna ya kutua ndoo. Jina lako amelisikia wenzako wakikuita, zamani walipokuwa wanakuita. Hakuna mzimu hapo. Kuna mwanamke mzima mwenye macho, na katika kijiji chote ndiye peke yake aliyeona kwamba umebeba mtoto.

Umenijazia kurasa ukinihesabia wote wanaokupita bila kukuitikia, Sayi, Machibya, mumeo, watu wa kanisani. Kisha katika mistari michache, bila hata kusita, ukaniandikia kwamba kuna mtu anakuamkia kila asubuhi na wewe unaziba masikio. Umetengwa, umenyimwa moto na chumvi, umesimamiwa kimya cha marehemu, na bado unalinda amri ya watu hao kwa mwenzako, usije ukaongezewa adhabu. Wakuongezee nini tena? Nilipofika hapo nywele zilinisimama, na si kwa sababu ya Milembe.

Kwa hiyo hiki ndicho cha kwanza, kabla ya halmashauri na kabla ya hospitali. Kesho asubuhi nenda kisimani kwa njia yako ileile. Ukifika kwenye minyaa, simama. Atakuamkia. Mwitikie mchana kweupe, kwa sauti ambayo waliotangulia kisimani watasikia, salamu yote mpaka mwisho wake, kama ulivyofundishwa na mama yako kumwitikia mtu mzima. Mwambie mtoto anacheza. Halafu muulize na yeye habari za nyumbani kwake, na usiondoke upesi, mngoje, maana atachelewa kujibu.