Mto Juu ya Breki ya Mkono

Jumatatu, 4 Mei

Kwa Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mu wazima wewe na baba, na kwamba kidonda cha upasuaji mgongoni mwake kinaendelea kufunga. Mimi sijambo, karakana ya mabasi imenipokea vizuri, na juma hili meneja amenikabidhi uchunguzi wa klachi zinazoisha kabla ya wakati wake.

Ndiyo sababu nakuandikia ujumbe mrefu. Ulisema gari linatoa harufu ya kuungua mkifika kwenye mlima wa hospitali. Mama, hiyo ni klachi. Dereva anayepumzisha mguu juu ya pedali, au anayelizuia gari mlimani kwa klachi nusu na mafuta kidogo badala ya breki, huisaga hadi siku injini inalia na gari haliendi. Naomba unijibu: foleni ikisimama pale, unalishikaje gari?

Mwanao

Jumamosi, 9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sisi tupo, tunashukuru. Baba yako anakula, na ameanza utani wake, kwa hiyo anapona. Anasema tangu upate shahada hata salamu zako zina utangulizi na hitimisho.

Nalishika kwa klachi. Breki ya mkono ipo, lakini juu yake nimeweka mto, ndio anaouegemea baba yako ili mshono usivutwe. Nikiuondoa, anakaza meno njia nzima. Na kwa klachi naondoka taratibu, hata hashtuki. Mguu wangu umeshazoea. Usijitie hofu.

Mama

Jumatano, 13 Mei

Mama,

Shikamoo, na uniwie radhi kwa salamu fupi. Ujumbe wako nimeusoma nikiwa karakanani, mbele yangu klachi iliyofunguliwa, sahani yake imeliwa na kuwa nyeusi. Dereva wake naye aliniambia mguu wake umezoea. Nikamuuliza fundi: klachi ikiachia mlimani, dereva hujuaje? Akajibu kwamba dereva hajui. Huzidisha mafuta, akidhani ndiyo dawa, na gari linarudi nyuma.

Kesho baba anatolewa nyuzi. Tafadhali, chukueni teksi, au alale kiti cha nyuma. Nimepiga simu, hupokei. Nijibu hata neno moja.

Mwanao

Alhamisi, 14 Mei

Mwanangu,

Mimi mzima. Naanza na hilo. Simu iliisha chaji jana, nimeichaji hapa hospitali. Ujumbe wako nausoma sasa, nimekaa nje ya chumba cha upasuaji.

Foleni ilisimama mlimani, karibu na geti la hospitali. Nikalishika kama siku zote. Injini ikaanza kulia, nami nikaongeza mafuta, kama alivyosema fundi wenu. Breki ya mguu niliisahau kabisa. Nyuma yetu alikuwa akivuka mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Baba yako ndiye aliyemwona kwenye kioo. Aliutupa mto, akapinda mwili mzima, akavuta breki kwa mikono miwili. Gari lilisimama yule mwanamke akiwa ameegemeza kiganja kwenye buti. Hakuumia, wala mtoto.

Baba yako alisema tu, "Nimelowa mgongo." Nikadhani ni jasho.

Usiniandikie tena habari za klachi. Njoo.

Daktari ametoka. Anatazama benchi hadi benchi. Acha nisimame