Viti Vyekundu vya Bwana Hemedi

Baba yangu,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini ulinilea nianze na salamu hata ninapokuja kugomba, na leo nimekuja kugomba.

Gari la Bwana Hemedi limerudi. Lile la spoti, la viti viwili, lisilo na paa, lililoachwa na mzungu wa shamba la mkonge, Bwana Hemedi akalinunua likiwa banda la kuku. Liko mbele ya kibanda changu hapa Lindi tangu Jumatatu. Nililizunguka siku mbili nzima kabla sijaligusa.

Unakumbuka lilivyokuja mara ya kwanza? Chumvi ilikuwa imekula mbao za dashibodi na kapeti limeoza lote. Ulifungua ule mlango mdogo, ukachungulia, ukacheka peke yako. "Ingia wewe," ukaniambia, "mimi tumbo halipiti." Miezi mitatu nililala chali chini ya dashibodi ile, miguu nje, nikikupigia kelele unipe bisibisi, nawe ukinipa koleo makusudi ili nikasirike. Dashibodi mpya uliichonga kwa mpingo. Kichwa cha gia ulikirudia mara tatu kwa sababu Bwana Hemedi ana kiganja kidogo na ulitaka kimwenee. Viti tulivijaza makumbi ya nazi tuliyoyachambua wenyewe, maana ulisema sponji la dukani linanywea kama mkate uliolala.

Mishono yote ilikuwa yangu. Ulikuwa unafumba macho, unapitisha kidole, kikikwama mahali unasema, "Fumua." Nilifumua mpaka vidole vikavimba. Siku uliyopitisha kidole kiti kizima bila kusema neno, nilikwenda uani nikalia kwa furaha. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilijiona fundi kamili. Sikukwambia.

Sasa nije kwenye ngozi yenyewe. Bwana Hemedi alitaka aende nalo harusini kwake, viti vikiwa vyekundu kama vilivyokuwa mwanzo, na wewe mtu wa Kilwa Kivinje uliona aibu kununua rangi ya kopo. Ukaagiza ngozi za mbuzi kutoka Njinjo, ukaziloweka kwa magome ya mkoko kama alivyokuwa akifanya babu. Rangi ilikuwa nzuri, sikatai. Lakini ngozi ya magome huoshwa na kuanikwa, ikaoshwa tena na kuanikwa tena, mpaka maji yatoke meupe. Wewe ndiye uliyenifunza hivyo. Tuliziosha mara mbili tu. Nilikuletea beseni la maji mekundu mpaka miguuni uone mwenyewe.

"Baba, bado inatoa rangi."

"Harusi Jumapili, mwanangu. Shona."

Nikashona.

Jumapili ile jua lilikuwa kali, na kutoka Lindi mpaka Mtama kwa bibi harusi si karibu. Sisi tulitangulia. Wewe ulikaa barazani na wanaume, mimi nikasimama mlango wa uani na akina mama. Gari likaingia linang'aa, vigelegele vikapigwa, watu wakaja kushika dashibodi na kuuliza ni mti gani ule. Bwana Hemedi akashuka na kanzu yake nyeupe, akageuka kuwapa mkono wazee. Kuanzia mgongoni mpaka mapajani ilikuwa nyekundu, imeloa jasho.

Mama mmoja karibu yangu akasema kwa sauti, "Masikini, bwana harusi kaingia mwezini!"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Bwana Hemedi alifichwa chumbani, akaazimwa kanzu ya mtu mfupi, akafunga ndoa vifundo vya miguu viko nje. Shangazi zake wakakujia barazani kuuliza ni nani aliyefanya kazi ile. Nami nikasikia sauti yako, sauti ile ile iliyokuwa ikisema fumua.

"Niwieni radhi. Viti nilimwachia mtoto wa kike."

Wanaume wakatikisa vichwa, mambo yakaisha. Hakuna aliyeuliza zaidi, maana jibu lilikuwa limewaridhisha. Ulinitazama mara moja kupita vichwa vya watu, halafu ukaangalia viatu vyako.

Baba, unajua walichoniita tangu siku hiyo? Bi Magome. Mtu akileta gari kwako anasema kabisa, "Lakini asiliguse Bi Magome." Nawe ulikuwa ukiitikia, "Haya." Mchana wateja wakiondoka unanipa kazi ile ile nishone, unaitoa kwa jina lako. Miaka kumi tulikaa banda moja, tukala sahani moja, nikawa nakusubiri useme. Sikutaka uitangaze mjini. Ungeniambia mimi tu, tukiwa wawili, ingenitosha.

Ulipofariki nikabaki na cherehani na jina baya. Nashona viti vya pikipiki na mabegi ya shule. Kwenye maziko yako walisimama kaburini wakauliza kama yupo uliyemkosea akusamehe, na wanaume wakajibu wote kwamba wamekusamehe. Nilisimuliwa. Mimi nilikuwa nyumbani na wanawake, na huko hakuna aliyekuja kuuliza.

Sasa sikiliza kilichonileta. Jumatano nilimuuliza Bwana Hemedi kwa nini ameleta gari kwangu, wakati mafundi wamejaa Dar es Salaam. Akavua kofia.

"Dada yangu, mimi najua si wewe," akasema. "Mzee aliniita akiwa kitandani. Aliniambia ulimletea beseni. Akaniomba radhi kwa ajili ya kanzu yangu."

"Na mimi je?"

"Alinisihi nisikwambie. Alisema utamwona mtu mdogo."

Nilikuwa nimeshika mkasi, nikauweka chini. Kwa hiyo ulijua, na ulikuwa na nguvu za kusema. Siku zile nilikuwa nakugeuza kitandani, nakunywesha uji kwa kijiko, nakuosha. Ukasubiri nitoke kwenda sokoni, ukamwita mtu mwingine, ukamwomba radhi ya nguo. Mwenzio alipoteza kanzu moja, Baba, na kanzu alishonewa nyingine.

Gari nimelichukua, viti navivisha upya. Ngozi zinaoshwa sasa hivi, ni mara ya tano, na sitazishona mpaka nitakaporidhika mimi. Bwana Hemedi amekubali kusubiri. Akiulizwa viti kashona nani, ameniahidi atataja jina langu, la kwangu mwenyewe nililopewa.

Kila Alhamisi nakusomea Yasini na sitaacha. Wewe ni baba yangu na dua ni haki yako. Msamaha ni haki yangu, na wale wanaume pale kaburini waliutoa bila mimi kuwatuma. Siku nitakapokuwa nao nitakuja mwenyewe nikwambie.

Leo sijakusamehe.

Mungu akulaze pema, Baba.

Ni mimi binti yako, fundi wa viti.