Wateja Waliokuja Kuiona Nyumba

Rumonge, Jumanne. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, sasa imekatika, ila mawingu bado yamelala juu ya ziwa. Nimekunywa chai peke yangu, tena.

Mwaka mzima umepita tangu nitangaze kuwa nauza nyumba yetu. Nasema "yetu" ingawa Idi, mume wangu, alishatangulia. Binti yetu Zuhura ameolewa Kigoma na ananitaka nikaishi naye. Nilimwahidi: nyumba ikiuzwa tu, nakuja.

Haiuzwi.

Zuhura anamlaumu komisioneri wangu, mzee Salumu, anayeniletea wanunuzi. Anasema amechoka, hajui hata kutuma picha kwa simu, nitafute mwingine kijana. Salumu alikuwa rafiki wa Idi tangu walipokuwa wakiuza mawese pamoja sokoni, ndiyo maana nimesitasita. Leo nikajitanda kitenge, nikaenda kumwambia basi.

Nilimkuta barazani kwake anasikiliza redio. Nililisema lote kwa pumzi moja. Hakukasirika. Aliizima redio.

"Sawa, dada. Chukua mwingine. Lakini yule mwalimu aliyekuja na mke wake, ulimwambia nini?"

Nikaanza kujitanda upya kitenge changu.

"Ulimwambia ziwa lilipanda mpaka jikoni. Yule mama muuza samaki wa Magara ukamwambia paa linavuja. Maji yaliishia barabarani, dada, na paa ni zima, nilisimamia mwenyewe likiwekwa. Wale watu walikuwa tayari kununua. Walirudi kwangu wakiwa na woga."

Ni kweli. Niliwadanganya.

Mke wa mwalimu alisimama chumbani kwetu, akagonga ukuta kwa vidole, akamwambia mumewe kuwa huu watauvunja wapate sebule kubwa. Alisema kwa upole kabisa. Mimi nikasikia kama ananigonga mwilini. Uongo ukanitoka kabla sijaufikiria, na wa pili ukawa rahisi zaidi.

"Mbona hukuniambia mapema?" nikamuuliza Salumu.

Alitazama chini. "Na mimi nilikuwa sina haraka. Ukienda Kigoma, nitaongea na nani habari za Idi?"

Tulikuwa watu wazima wawili barazani, kila mmoja akiona haya kwa lake.

Sikumbadilisha. Nilimwachia ufunguo wa akiba. Jumamosi analeta familia kutoka Nyanza-Lac, na nimemwomba awaonyeshe vyumba vyote bila mimi.

Tangu nirudi nawaza nitashinda wapi siku hiyo. Nimepitisha mitaa yote kichwani, nikitafuta mlango ninaoweza kubisha bila kuulizwa kuna nini. Wenzangu wengine wamehama, wengine tuliacha kutembeleana wakati Idi anaugua, na sikuwarudia.

Sijapata mlango hata mmoja. Mwaka huu wote niliogopa kuuacha mji huu, kumbe mimi na mji tumeshaachana.

Jumamosi nitatoka mapema, nitembee ufukweni mpaka Salumu aniambie wameondoka. Wakiipenda, waichukue.